Mwongozo kwa Mkazi wa Ipinda Anayetazama Mzigo Angani

Toka nje jua likishazama, au alfajiri kabla halijachomoza, ikiwa mawingu ya Kyela yataridhia. Kituo cha Anga za Juu cha Kimataifa hupita kilometa 400 hivi juu: taa nyeupe isiyopepesa, inayokatiza mbingu kwa dakika chache. Ikipepesa, ni ndege. Ikiganda palepale upande wa Matema, hiyo ni karabai ya mvuvi wa usipa. Mwache atafute riziki.

Ukiona taa nyingine hafifu ikiifuata, huenda ni chombo cha mizigo kinachokwenda kituoni. Usiulize dereva ni nani, maana hayupo. Wala usipige kelele kwamba kiongeze moto. Huko juu, anayetaka kumfikia aliye mbele hushika breki: anashuka kidogo, na aliye chini huzunguka upesi zaidi. (Bodaboda wa njia ya Matema wasijaribu.) Vyote viwili vinakimbia kilometa 28,000 kwa saa, ila mwisho kabisa vinasogeleana kwa sentimita chache tu kila sekunde.

Usitamani dereva, tafadhali. Juni 25, 1997, mitambo ya kujiongoza iliwekwa kando makusudi, na mwanaanga aliyekuwa ndani ya kituo kingine cha anga, Mir, akaiongoza Progress M-34, chombo cha mizigo, kwa mkono, kwa majaribio. Ilikuja kasi, ikagonga, ikatoboa chumba cha Spektr. Hewa ikaanza kuvuja, wenyeji wakakata nyaya ili wapate kufunga mlango.

Usidharau vifurushi pia. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, boksi la sentimita 10 kila upande, ilipanda na chombo cha mizigo Dragon Aprili 2018, ikaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa Mei 11. Ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilipanda na chombo kingine cha mizigo, Cygnus, Novemba 2022. Bawa moja la sola la chombo hicho cha mizigo likagoma kufunguka. Kikafika hivyohivyo, kikadakwa kwa mkono wa roboti.

Mwisho, ukitaka kuwapelekea wanaanga mchele wa Kyela, sawa, lakini usiagize gunia tupu lirudi na Cygnus. Ikishapakuliwa hujazwa taka, ikaachiliwa, ikaungua yote ikiingia kwenye hewa ya dunia. Mwenye mzigo wa kurudi aombe nafasi kwenye Dragon. Hiyo hutua baharini kwa miavuli.