Barua ya Wazi Kuhusu Heroe Wanaochelewa Kuzoea Hali

Kwa: Mkutano wa Nchi Wanachama wa Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi
Yah: Kusuasua kwa uzazi wa heroe wa Ziwa Natron

Heroe mdogo ana mahali pamoja tu pa kutegemewa pa kuzalia Afrika Mashariki: Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wa dunia wako ukanda huu, na wodi yao ya wazazi ni hiyo moja. Mkutano, ambao tangu mwaka 1995 umetoka Berlin hadi Kyoto, Paris, Dubai na Baku bila kukosa ukumbi, unaombwa kumvumilia ndege asiye na ukumbi wa akiba. Aliwahi kujaribu mmoja: mwaka 1962 Natron ilifurika, heroe wakahamia Ziwa Magadi, Kenya. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya vifaranga, wakashindwa kutembea, mpaka watu wakaingia ziwani kuyavunja.

Masharti ya uzazi ni machache, ila hayajadiliwi. Maji yashuke hadi matope yatokeze. Ndege ayakusanye kwa mdomo, ajenge kichuguu cha sentimita 30 hivi chenye kishimo juu, atage yai moja. Mume na mke hupokezana kuatamia kwa siku 28 hivi. Muda wote huo maji makali sharti yabaki yamevizunguka viota, kwa kuwa ndiyo askari pekee wa lindo. Ni askari mkali kweli: Leslie Brown, mtaalamu wa ndege, alijaribu kuvifikia viota kwa miguu miaka ya 1950, akaishia hospitalini miguu imeungua. Maji yakipanda, viota vinazama. Yakikauka, fisi na mbweha wanavuka bila kulowa.

Hewa iliyopata joto hubeba mvuke zaidi, hivyo mvua huja kwa fujo, na kiangazi nacho hukausha kwa fujo. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru lilimeza hata lango la hifadhi yake. Maji mengi huzimua magadi, na mwani wa spirulina, chakula kikuu cha heroe, hupungua. Utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha upungufu huo ukifuatana na kupanda kwa maji. Ndege mwenye njaa hatagi, hata akihakikishiwa kwamba mchakato unaendelea vizuri.

Mkutano una bahati, kwani hasara yenyewe haionekani haraka. Heroe huishi miongo kadhaa, kwa hiyo kundi linaweza kung'aa miaka na miaka bila kupata mtoto. Anayetaka ukweli atafute rangi ya kijivu. Kifaranga huanguliwa akiwa kijivu, na waridi huipata polepole kutokana na chakula chake. Kundi lililo waridi tupu, lile linalopendeza kwenye kalenda na vipeperushi vya utalii, huenda ni baraza la wazee.

Wenyeji hawana mikono safi. Mto Ewaso Ng'iro wa kusini, unaolisha Natron, huanzia upande wa msitu wa Mau, na msitu huo ukifyekwa udongo hushuka na mto. Kosa hilo lina watu wa kuulizwa hapa hapa. La joto lina wadaiwa wengi zaidi, wengi wao wakaao mbali na ziwa, na Mkutano unazo anwani zao.

Inaombwa, basi, uzalishaji wa gesi joto upunguzwe kwa kasi iliyoahidiwa Paris mwaka 2015. Hilo likionekana gumu, Mkutano utoe mwongozo wa namna yai moja litakavyosubiri kikao kijacho. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 nao ueleze iwapo hupokea mwombaji asiye na akaunti ya benki.

Nakala:
Heroe, Natron: kwa taarifa
Fisi na mbweha, Natron: kwa utekelezaji