Jinsi ya Kupasua Maji Ukiwa Mtende wa Adam

Kwanza uwe mtende. Binadamu akitaka kupasua maji itambidi atafute betri na nyaya. Mtende unahitaji jua tu, na jua la Adam, mji wa Oman, mwezi wa Julai halingoji kualikwa.

Kisha pata maji. Hapo ungoje zamu ya mfereji wa falaji, inayopimwa kwa athar, yaani nusu saa. Zamani mchana walitazama kivuli cha kijiti, usiku nyota. Watu wameshanuniana kwa dakika tano za mfereji, kwa hiyo usije ukawaambia kwamba karibu maji yote unayopewa unayatoa hewani kupitia vitundu vya majani, na kwamba unayoyapasua hayafiki hata moja kwa mia. Patachimbika.

Sasa ingia karakana. Imo ndani ya kloroplasti, kwenye mtambo uitwao fotosistimu ya pili: atomi nne za manganizi, moja ya kalsiamu, na oksijeni tano za kuzishikiza. Basi. Mwaka 2011 Wajapani waliupiga picha kwa eksirei, wakaona umbo la karakana ni la kiti kilichopinda. Usijaribu kukinyoosha.

Chembe ya mwanga ikigonga klorofili, elektroni moja inaruka. Klorofili iliyoporwa haina haya: inamnyang'anya jirani yake, tairosini, naye anabisha hodi kwa manganizi. Fanya hivyo mara nne, bila haraka. Manganizi wakishakamuliwa elektroni nne, wanazigeukia molekuli mbili za maji na kuzidai zote nne kwa mkupuo. Zinabaki protoni nne na oksijeni mbili zilizoshikana, zinazojiondokea zake.

Kwa nini usiachie njiani, baada ya elektroni mbili? Kwa sababu utakuwa umetengeneza dawa ile ya saluni ya kuchubua rangi ya nywele, na jani lako halina miadi ya saluni.

Mfaransa Pierre Joliot alipomulika kloroplasti kwa mimweko mifupi, mwaka 1969, oksijeni ilifurika kwenye mmweko wa tatu, halafu kila baada ya minne. Wa tatu, si wa nne! Bessel Kok akafumbua mwaka uliofuata: gizani mtambo hulala na hatua moja mkononi. Fundi wa namna hiyo ni wa kumwajiri.

Tahadhari moja. Kazi hii inaunguza vyombo. Jua likiwa kali, protini D1 inayobeba karakana hudumu nusu saa hivi, athar moja. Sauti ikisikika shambani, "Ami, zamu yako imekwisha!", mzee anaziba mfereji kwa tambara na udongo, maji yanageukia kwa jirani. Nawe ng'oa D1 iliyoungua, pachika mpya, anza tena kuhesabu: moja.