Barua ya Wazi kwa TBS: Asanteni kwa Kutuacha Tulale

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Nakala: Mamlaka ya Mapato (TRA), Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), Kikosi cha Usalama Barabarani.

YAH: SHUKRANI ZA WENYE MAGARI WA MTENDENI, TABORA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa niaba ya kila mwenye gari katika kata ya Mtendeni na Manispaa nzima ya Tabora, ingawa hakuna aliyenituma, naishukuru Serikali kwa usingizi mnono tunaoulala. Wenzetu wa nchi nyingine hawana bahati hii. Mjapani, Mmarekani au Mwaustralia ananunua gari, analizoea, halafu siku moja anapokea barua ya kiwanda: gari lako lina kasoro, lilete tulitengeneze bure. Asipokwenda anaandikiwa tena. Akinyamaza anapigiwa simu, na akizidi kukaidi anaweza kugongewa mlango. Sisi tunaoletewa magari hayohayo baada ya wao kuyachoka hatugongewi mlango na mtu. Gari linashuka melini Dar es Salaam, linashika njia ya Morogoro, Dodoma na Singida, kando ya mapito ya misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, na likifika Tabora limekwisha kuwasahau waliolitengeneza, nao wamelisahau. Amani tupu.

Naomba nieleze ukubwa wa amani yenyewe, nikianza na eabegi, maana ndiyo iliyoleta wito wa kurudisha magari yenye kasoro uliokuwa mkubwa kuliko wote katika historia ya magari. Kampuni ya Takata ya Japani ilikuwa ikitengeneza kile kikopo cha chuma kinachoujaza mfuko hewa gari linapogonga. Ndani yake waliweka naitreti ya amonia. Hiyo si kitu kigeni mkoani kwetu, kwa sababu imo ndani ya CAN, mbolea ambayo wakulima wa tumbaku wa Urambo, Sikonge na Kaliua wanaifahamu vizuri, na kila mmoja wao anajua inavyoganda ukiacha mfuko wazi wakati wa unyevu. Ndani ya kikopo mambo ni mabaya zaidi. Miaka inapopita, joto likipanda na kushuka na unyevu ukipenya, vidonge vya kemikali vinachakaa, na siku ya ajali vinaungua kwa kasi isiyotakiwa. Kikopo kinapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni na shingoni mwa yule aliyepaswa kuokolewa. Honda ilitoa wito wa kwanza mwaka 2008. Mwaka 2017 Takata ilikiri udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani, ikakubali kulipa dola bilioni 1, na mwezi Juni mwaka huohuo ikatangaza kufilisika. Vikopo vilivyoitwa duniani kote vinakadiriwa kufikia milioni 100, na Marekani peke yake wamekufa watu zaidi ya 25. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilitangaza kwamba katika baadhi ya Honda na Acura za 2001 hadi 2003, majaribio yalionyesha uwezekano wa kupasuka unaofika asilimia 50. Wenye magari hayo waliambiwa wasiyaendeshe, ila kuyapeleka kutengenezwa tu.

Kikopo hicho, basi, kina maadui watatu: joto, unyevu na umri. Ndiyo maana Malaysia imezika watu kadhaa kwa sababu hiyo, na ndiyo maana vifo vingi vya Ufaransa vimetokea katika visiwa vyake vya ng'ambo, kama Guadeloupe, na Réunion iliyo katika bahari yetu hii ya Hindi. Sasa tujipime wenyewe. Unyevu upo Dar es Salaam, Tanga na Unguja, ambako magari mengi huanzia maisha yake ya pili. Joto lipo Tabora, hasa Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza, gari likianikwa juani kutwa madirisha yakiwa yamefungwa. Na umri ndio usiseme. Mei 2015 Toyota iliita karibu magari milioni 5 duniani kwa kasoro hii, yakiwemo Corolla na Vitz, na asiyezijua Corolla na Vitz hajawahi kuvuka barabara Tabora. Wajapani nao, tangu Mei 2018, gari lililo katika kundi la hatari na ambalo halijabadilishiwa kikopo hawalipitishi kwenye ukaguzi wao wa lazima. Mwenye gari hilo ana njia mbili: alipeleke likatengenezwe bure au aachane nalo. Anayeachana nalo anaweza kuliuza mnadani, na huko mnadani ndiko wanakonunua wanaotuuzia sisi. Meli nazo zipo.

Kuna wenye wivu wanaosema Serikali haijui magari hayo yako wapi. Ni uzushi. Hakuna kiumbe kinachojulikana nchini kuliko gari la mtumba. TRA inajua aina yake, ukubwa wa injini na mwaka lilipoundwa, na likiwa limepita miaka 8 inalitoza ushuru wa uchakavu. Maana yake, Serikali imekwisha kutambua kwamba gari kuukuu lina tatizo, na dawa iliyopatikana ni kulilipia. Namba ya chasisi imeandikwa kwenye kadi. Namba ya usajili ukiiingiza kwenye mfumo wa Polisi, faini zote zinajitokeza kama zilivyo, hadi ile ya tochi uliyodhani imesahaulika. Deni la maegesho nalo linakufuata kwa namba hiyohiyo. Gari likidaiwa linapatikana ndani ya dakika moja. Likiwa na kikopo kinachoweza kumkata mtu koo, ghafla linakuwa halina anwani.

Na ufunguo wa kulipatia anwani umo kwenye kadi ileile, ndiyo namba ya chasisi. Toyota na wizara ya usafiri ya Japani wana kurasa ambako mtu anaingiza namba ya chasisi na kuambiwa kama gari lake limeitwa na kama limekwisha kutengenezwa. IST, kwa mfano, ina chasisi inayoanza na NCP60, kistari, kisha tarakimu zake. Mwenye IST wa Mtendeni akijaribu kuiingiza kwenye ukurasa wa Wamarekani atakataliwa, kwa sababu wao wanataka namba yenye herufi na tarakimu 17. Akienda kwenye ukurasa wa Wajapani atakuta Kijapani. Hilo ni gumu kwa bodaboda na mwalimu wa sekondari, lakini si gumu kwa shirika ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na mawakala wakikagua magari huko Japani, kabla ya kuuhamishia ukaguzi nyumbani mwaka 2021. Breki zinahitaji mashine, na taa zinahitaji jicho la mtaalamu. Kuingiza namba moja kwenye ukurasa mmoja hakuhitaji karakana, jeki wala posho ya safari. Labda hapo kwenye posho ndipo tatizo lilipo, lakini tusifike huko.

Isionekane kwamba dola haijali usalama wetu. Trafiki akikusimamisha pale unapotoka mjini kuelekea Nzega, anataka kuona mtungi wa kuzimia moto na pembetatu ya kuakisi. Mtungi ukiwepo, mwekundu, umebanwa chini ya kiti, unapita. Kama unazima moto, hilo ni swali la mtu mwenye nia mbaya. Kwa kumbukumbu tu: Novemba 2017 kampuni ya Kidde iliita mitungi kama milioni 40 huko Marekani na Kanada, ya aina 134, mingine ikiwa imeundwa tangu miaka ya 1970, kwa sababu ilikuwa inaweza kuziba au kugoma kutoa dawa. Miongoni mwa matukio yaliyotajwa lilikuwemo la mwaka 2014: gari liligonga, likashika moto, waokoaji wakabonyeza mitungi, haikufanya kazi, mtu akafa. Mitungi ilikuwepo. Trafiki wetu angeipitisha yote.

Au tuchukue kitu cha bei nafuu zaidi ndani ya gari, kapeti la miguuni. Agosti 2009, karibu na San Diego huko Marekani, Lexus ya kuazimwa ilienda kasi bila kusimamishika na kuua watu wanne, kwa sababu ilikuwa imetandikwa kapeti la modeli nyingine na likanasa pedali ya mafuta. Toyota ikawaambia wenye magari takriban milioni 3.8: toeni kapeti la upande wa dereva. Mwaka 2014 ikalipa Serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa kuficha mambo katika sakata hilo la magari kwenda kasi yenyewe. Sasa tuchungulie ndani ya teksi zetu. Kapeti la kiwanda lipo, juu yake kuna la mpira la kukinga tope, na juu ya hilo kuna la manyoya la kupendezesha, lililokatwa kwa kisu ili litoshe. Dashibodi imefunikwa kitambaa chenye nyuzi za dhahabu, kimegundishwa palepale mfuko wa abiria unapotakiwa kufumukia, na boksi la tishu limewekwa juu yake. Taa ya SRS, ile ya kuonya kuhusu eabegi, ikiwaka, fundi haulizi inasema nini, anaichomoa, na mteja anaondoka akisifu kazi.

Najua majibu yenu, kwa hiyo niyapokee kabla hayajaja. La kwanza litakuwa kwamba wito ni kazi ya kiwanda na wakala wake. Ni kweli kwa gari jipya lililouzwa na wakala mwenyewe, kwa kuwa jina la mnunuzi analo. Gari la mtumba halikupita kwake, na kiwanda kinamwandikia Mjapani ambaye aliliuza zamani. Baina ya Mjapani huyo na mnunuzi wa huku, aliyelishika gari mkononi, akalikagua na kulipatia cheti cha kuingia nchini, ni mmoja tu: TBS. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 haikusahau usalama wa bidhaa, ikazungumzia hata kuziondoa sokoni zenye hatari. Sheria tunayo, basi. Tulichokosa ni namba ya chasisi kusomwa na mtu asiyetafuta pesa.

La pili lina uzito zaidi: kwamba wenye magari wenyewe hatujali, na tukiambiwa tutapuuza. Sikatai. Hata Marekani, kwenye barua na simu zote hizo, sehemu kubwa ya magari yanayoitwa hayapelekwi, na vikopo vya Takata bado vinazunguka barabarani. Binadamu akipewa barua inayosema gari lake zuri linaweza kumuua, huliangalia gari, akaliona linawaka asubuhi kama kawaida, akaiweka barua kwenye droo. Australia waliijua tabia hiyo. Februari 2018, baada ya mtu mmoja kuuawa na kikopo jijini Sydney mwaka 2017, walifanya wito huo kuwa wa lazima kisheria, ukihusu magari kama milioni 3, na majimbo yakaanza kuwafutia usajili wakaidi. Mwisho wa mwaka 2020 karibu vikopo vyote vilikuwa vimebadilishwa au kupatikana viliko. Waaustralia hawakugeuka malaika katika miaka mitatu. Waliwekewa swali mahali ambapo hawakuweza kulikwepa.

Sisi tuna mahali hapo. Mtasema kadi nyingi bado zina majina ya wenye magari wa kwanza, kwa hiyo ujumbe utamfikia asiyehusika. Sawa, achaneni na jina. Kila gari linalotembea linatakiwa kuwa na bima, bima inakatwa kila mwaka, na stika yake siku hizi inatolewa kwenye mfumo wa TIRA. Anayekwenda kwa wakala wa bima ni yule anayeliendesha, liwe na jina la nani kwenye kadi. Mfumo huohuo ukionyesha kwamba gari hili limeitwa na halijatengenezwa, dereva wa Mtendeni ataambiwa dirishani, akiwa na hela mkononi na bila pa kukimbilia. Yule asiyejali chochote anajali stika.

Mtauliza kifaa kitatoka wapi na nani atakifunga Tabora. Hilo ndilo swali gumu kweli, na kujibiwa kwake kutahitaji viwanda kubanwa vilipe hata kwa magari yaliyovuka bahari. Lakini kuambiwa tu kunatosha kuanza. Mwaka 2014, vifaa vilipokuwa haba, Toyota huko Marekani ilikuwa tayari kuuzima mfuko wa abiria na kubandika onyo kwamba asikae mtu hapo. Kuondoa kapeti ni bure. Kutomketisha mama mbele ya kikopo kibovu ni bure pia. Ila ni lazima ijulikane ni gari lipi hasa, kwa sababu mfuko mzima bado unaokoa maisha, na tetesi zikisambaa bila namba za chasisi, mafundi watazing'oa eabegi zote, nzima na mbovu, na kutuuzia vifuniko.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naomba mambo mawili ya kutusumbua. Kwenye cheti cha ukaguzi wa gari lililotumika, wekeni mstari unaosema kama limeitwa na kiwanda na kama limetengenezwa, kwa Kiswahili, uonekane na mnunuzi kabla hajalipa. Kisha wapeni TIRA orodha hiyo ili wakala wa bima aisome. Mkiona ni kazi kubwa mno, basi mwambieni trafiki wa barabara ya Nzega, akimaliza kuutazama mtungi, aubonyeze.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Mtendeni, Tabora.