Jiko la Ukoo wa Tembo

Pimbi hana mkia, lakini ukoo anao. Wataalamu wa wanyama wanasema jamaa zake wa karibu kabisa walio hai ni tembo na nguva, na tangu habari hiyo ifike uwanda wa Kitulo, hakuna pimbi aliyekubali tena kuitwa mdogo. Habari za nguva huwa hawazigusi.

Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Ikifika Juni na Julai, nyasi huamka nyeupe kwa sakitu. Na pimbi mwili wake hautunzi joto vizuri: asubuhi hana budi aote jua kwanza ndipo akili imrudie, na usiku wanalala wamebanana, huyu juu ya yule. Kwa hiyo Mzee Pimbi alipomaliza kujenga kibanda chake cha mbao za paini, mkewe hakumpongeza. Alisema, "Baba watoto, jiko."

Akaitwa Fundi Kigong'ota. Akagonga kuta, akategea sikio, akapima: mita 4 kwa 4, kwenda juu 2 na nusu.

"Mita za ujazo 40," alisema. "Kilowati moja hupasha mita za ujazo 10 hadi 14, na kilowati moja ni kama joto la pasi moja ya umeme. Mzee wangu, wewe unataka pasi tatu, na ya nne kwa ajili ya upepo wa huku. Ila kwanza zibeni hizi nyufa, msije mkaota moto na Makete nzima."

Pasi nne! Mzee Pimbi alimpa fundi chai, akamsindikiza hadi njiani, kisha akaenda kwa Kunguru.

Kunguru wa milimani ana ukosi mweupe shingoni, na mwenye ukosi mweupe haulizwi risiti. Alikuwa na jiko la chuma lililong'olewa kwenye bwalo la shule: kilowati 14, milango miwili, miguu ya simba. "Hili," alisema, "halimfai kila mtu." Hakuhitaji kusema zaidi.

Kikao cha ukoo kiliketi. Mama Pimbi aliuliza kwa nini watu wanane wanunue jiko la watoto 200.

"Na binamu yetu Tembo akija kututembelea?" mumewe akajibu. "Ataota moto wa pasi?"

"Atapitia wapi, Baba watoto?"

"Hilo ni suala la mlango. Leo ajenda ni jiko."

Barua ilikuwa imeshapelekwa Ruaha kumwarifu binamu, na majibu yakaja kabla kikao hakijafungwa. Tembo aliandika kwa upole kwamba anashukuru kukumbukwa, ila yeye shida yake ni joto. Mwili mkubwa hukawia kupoa, na mchana kutwa anapepea masikio apate nafuu. Katibu alisoma salamu, akasoma sahihi, akasema hayo ya katikati ni mambo ya kifamilia. Jiko likapitishwa kwa makofi.

Lilipoingia, fundi akaitwa tena, maana Kunguru huuza tu, hafungi. Alisema chuma kitupu namna hiyo kikae kiasi cha sentimita 90 kutoka ukuta wa mbao. Walipomaliza kutii, jiko lilikuwa katikati ya nyumba na watoto walikuwa pembeni, mmoja mmoja kila kona.

Usiku wa kwanza liliwashwa lote. Kufikia saa tatu familia nzima ilikuwa nje kwenye sakitu, na jiko liko ndani peke yake linafaidi. Majirani waliona, wakasifu: joto la kwa Mzee Pimbi linawashinda hata wenyewe!

Ikabidi moto upunguzwe. Jiko la bwalo huwezi kulipunguza tumbo, unaweza kulibana pumzi tu. Kikaundwa cheo cha Mwenye Kilango, kazi yake kufunga tundu la hewa, na Naibu wake, kazi yake kumwamsha. Moto ukawa hauwaki wala hauzimiki, unafuka. Kioo cha mlango kikawa cheusi. Bomba likatoa moshi mnene wa rangi ya njano, na kwenye maungio yake yakaanza kudondoka matone meusi yenye harufu kali. "Moto wangu," Mzee Pimbi aliwaambia wageni, "hulala hadi asubuhi."

Kwa kuwa jiko lilikula sana, waliacha kungoja kuni zikauke. Walikata miwati jana, wakaichoma leo. Gogo bichi namna hiyo karibu nusu ya uzito wake ni maji, na fundi alikuwa amewaambia kuni ikae miezi sita hadi mwaka. Aliwaambia pia kwamba moshi ni kuni iliyokosa kuungua: unapanda, unakuta bomba la baridi, unaganda humo kuwa lami, na lami hiyo nayo ni kuni. Tena moto uliobanwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo haijali ukoo wa mtu. Alimaliza kusema, akaulizwa kama ana cheti.

Watoto wakaanza kuamka na vichwa vinauma. Mganga Bundi aliangalia, akaona jirani mwenye kijicho.

Jirani aliyekuwa karibu ni Fuko. Yeye alikuwa na kijiko cha kilowati 3, anakitilia vipande vikavu vya mwaka jana, viwili au vitatu kwa wakati, tundu la hewa wazi. Juu ya paa lake ulikuwa huoni kitu. Uwanda mzima ulimhurumia: masikini, hata moshi hana.

Lami iliwaka usiku wa Julai. Bomba lilinguruma, likawa jekundu, na moto wa aina hiyo waweza kupita nyuzi 1,000 za joto. Mwenye Kilango, ambaye maisha yake yote alikuwa akifunga, siku hiyo akafungua milango yote miwili aone kuna nini, na hewa ikaingia kumsaidia adui. Wote walitoka salama. Paa halikutoka.

Tume ya uchunguzi iliongozwa na kima aitwaye Kipunji. Huyu wataalamu walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2003, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anajijua siku zote, hivyo ndiye pekee pale mwenye uzoefu wa kuchunguzwa. Tume ilikagua majivu na kukuta jiko zima, bila ufa. Ikahitimisha kwamba jiko halina kosa. Nyumba ndiyo iliyokuwa ndogo.

Ikaazimiwa ijengwe nyingine ya mita za ujazo 160, kila kaya itoe mbao, na Mwenye Kilango apandishwe cheo. Fundi Kigong'ota aliitwa kupima kiwanja, akaelekezwa aanze kwa kupima jiko. Azimio lilipita bila kupingwa, kwani Mama Pimbi hakuhudhuria. Alikuwa kwa Fuko na watoto, akimuuliza kile kijiko chake alikinunua wapi na kwa shilingi ngapi.