Bakteria Nao Wafuate Mfumo wa Rufaa

Waheshimiwa Wahusika wa Mapambano dhidi ya Usugu wa Dawa,
Kupitia Ukumbi wa Semina.

YAH: OMBI LA KUWATAKA BAKTERIA WAFUATE MFUMO WA RUFAA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza hongereni kwa bango jipya. Limebandikwa wodini juu kidogo ya sinki lisilotoa maji, na linatukanya sisi wananchi kuhusu matumizi holela ya antibaotiki. Tumelisoma lote, anayeuguza ndugu hakosi muda wa kusoma ukuta. Tumeelewa kwamba usugu unatokana na vidonge viwili viwili vya dukani, dozi zinazoishia njiani, na UTI sugu inayotibiwa kwa ushauri wa jirani. Hatubishi. Lakini kanula, waheshimiwa, hatujichomi wenyewe.

Mjomba alishuka kutoka Nyandira, kijiji cha milima ya Uluguru, na nimonia. Akawekewa kanula, ule mpira mdogo wa mshipani, mkononi. Kanula tuliinunua sisi, pamoja na glovu na plasta, maana kwenye dirisha la dawa havikuwepo. Nimonia ikapungua, kanula ikabaki. Hakuna aliyeandika kwenye plasta imewekwa lini, kwa hiyo hakuna aliyejua itoke lini. Mkono ukavimba, homa ikarudi na mtetemeko wa kugonganisha meno. Tukaambiwa anabadilishiwa dawa. Anapewa ipi? Seftriaksoni. Alikuwa anatumia ipi? Seftriaksoni, ila ya kampuni nyingine.

Tukaomba damu ioteshwe ili mdudu ajulikane, na dawa inayomuua ijulikane. Chupa zimeisha. Zikiwepo, vitendanishi hakuna. Vyote vikiwepo, ni Ijumaa mchana. Kisha daktari mmoja akaweka kipimo kifuani na kusikia moyo unatoa mlio ambao haukuwepo siku alipolazwa. Akasema vizuri tu: aende Dar es Salaam akapigwe eko, ile picha ya moyo.

Hapo ndipo tulipouona upendeleo ninaoulalamikia. Mtu wa Nyandira, ili moyo wake utazamwe, huanzia zahanati, akapanda kituo cha afya, akaja hospitali ya wilaya, akaja ya mkoa, ndipo aandikiwe kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Bakteria aliyeingia kwenye kanula hutoka mkononi na kufika moyoni kwa chini ya dakika moja. Hana barua. Hana muhuri. Hajaulizwa kadi.

Kwa heshima zote tunaomba mtoe waraka. Kuanzia sasa, Staphylococcus aureus yeyote anayekusudia kuhama kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye valvu ya moyo aripoti kwanza kwenye zahanati ya kiganja. Aje na namba ya NIDA, na kama kitambulisho hakijatoka, aje na barua ya mtendaji wa kijiji. Aambiwe mganga mfawidhi yuko semina, arudi Jumatatu. Jumatatu aambiwe mtandao uko chini. Mtandao ukipanda, igundulike kwamba jina la kwenye kadi limepungua herufi moja. Kwa jina refu kama lake, hilo halikosi kutokea. Aende kituo cha afya cha kwenye kiwiko akagongewe muhuri. Muhuri uwe umefungiwa kabatini, ufunguo uwe kwa mhasibu, mhasibu awe msibani Matombo. Akifika hospitali ya wilaya, pale begani, aulizwe kwa nini amekuja bila faili. Alifuate. Bakteria huyu akipata nafasi hujigawa wawili kila baada ya nusu saa hivi, kwa hiyo kila atakayezaliwa foleni ajaze fomu yake, nakala tatu, na picha mbili za pasipoti. Naapa, kabla ya kuliona geti la moyo atakuwa amekata tamaa na kurudi zake puani, ambako huishi kwa amani kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu.

Hakuna dawa yenye nguvu kama utaratibu wenu, waheshimiwa. Tunaujua unavyoua. Tumeuzikia mtu.

Bakteria akishajenga kwenye valvu, hufanya kichaka kinachoweza kumeguka na kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Tiba yake huwa sindano za mshipani, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Zinapitia wapi? Kwenye kanula. Mjomba hakumaliza hata wiki mbili. Kwenye cheti cha kifo mmeandika nimonia. Nimonia ilishapona! Aliyemuua hana jina, kwa kuwa damu haikuoteshwa. Na asiye na jina hahesabiwi. Mliandika Mpango Kazi wa Taifa dhidi ya usugu wa dawa, wa 2017 hadi 2022, mkaandika mwingine wa 2023 hadi 2028, na kote humo mjomba wangu hayumo. Na si kwamba hamkuambiwa. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002, ukachapishwa 2007, ulionyesha watoto wenye bakteria wa Gram-hasi kwenye damu wakifa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wenye malaria, na usugu wa dawa ukiongeza vifo. Malaria mnaipima mpaka kijijini. Bakteria wa damu mnawabahatisha mpaka mkoani.

Mniwie radhi kwa kupandisha sauti. Nirudi kwenye maombi, yaliyobaki ni madogo.

Uluguru iruhusiwe kunawa kwa maji yake. Mito yake inaingia Ruvu, na Ruvu inainywesha Dar es Salaam. Ndoo moja ipitie wodini.

Hapa Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), na SUA kuna SACIDS, kituo ambako usugu wa vimelea unachunguzwa. Mdudu wa mji huu anasomewa hadi uzamivu. Mgonjwa naye afikiriwe, hata ngazi ya cheti.

Kwenye uzinduzi ujao, badala ya fulana na kofia, mgawe chupa za kuotesha damu. Nembo yenu itatosha kubandikwa.

Na kama mnataka safari ya mafunzo, nawapunguzia nauli. Kule Michigan, Marekani, wodi zaidi ya 100 za wagonjwa mahututi zilifuata mambo matano kwa mipira mikubwa ya mishipani: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kujifunika ipasavyo, kuepuka mshipa wa paja, na kuutoa mpira usiohitajika tena. Matokeo yalichapishwa 2006, na maambukizi yalishuka kwa zaidi ya nusu. Nesi mmoja aliyeachiwa wodi nzima usiku hana kosa asipoyatimiza. Mwenye kosa ni aliyemwachia wodi, sinki kavu na bango.

Natanguliza shukrani, kama nilivyotanguliza hela ya glovu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Ndugu wa Mgonjwa,
Morogoro.

Nakala:
Bakteria wote wa mkoa: kwa utekelezaji.
Wananchi: kwa kulaumiwa.