Prosesa Mpya, Visingizio Vimekwisha

Anayetaka kujua ukubwa wa kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho wa wachumba, asihesabu ng'ombe wala kreti za soda. Ahesabu picha. Sherehe ya muda wa saa 4, iliyorekodiwa kwa picha 25 kila sekunde, ni picha 360,000, na kila picha ya HD kamili ina vitone zaidi ya milioni 2. Kompyuta ikitakiwa kutoa video iliyokamilika inapita picha hizo moja baada ya nyingine: inatia rangi, inaandika jina la bwana harusi pale chini, inabana faili mpaka liingie kwenye flashi. Sisi watu wa video tunaita kazi hiyo kurenda, na mzigo wake karibu wote huubeba prosesa.

Na hizo saa 4 ni baada ya kukata. Kwanjula haina haraka na mtu. Wageni wakifika wanasimamishwa getini. Msemaji wa wenyeji anawauliza wametoka wapi, wanatafuta nini, na mbona wamechelewa, na swali hili la mwisho hujibiwa kwa bahasha. Mabinti wanatoka kwa mafungu, wanapiga magoti kwenye mkeka, wanasalimia, wanatunzwa, wanarudi ndani. Linatoka fungu jingine. Msemaji wa wageni anatangaza kwa masikitiko kwamba anayetafutwa bado hajaonekana. Senga, shangazi wa bibi harusi, anaingia katikati ya wanaume waliovaa kanzu na makoti kumtafuta bwana harusi, anawapita huku na huku akijifanya hamjui kijana ambaye alikula kwake wiki iliyopita. Jogoo wa muko, kaka wa bibi harusi, anapita. Zawadi zinaingia: vikapu vichwani, sukari, sabuni, mbuzi, na mwishoni kabisa seti ya sofa juu ya lori. Huwezi kukata hata kimoja. Ukikata vikapu, mjomba aliyenunua vikapu atapiga simu kabla hujala chakula cha mchana.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Nilivuka mpaka wa Mutukula nikiwa na kamera moja na matumaini mengi, nikapanga chumba cha kazi Kibuye, chini ya bati. Kompyuta yangu ilikuwa ya mezani, iliyostaafu kazi ya ofisi huko Ulaya ikaja Kampala kutafuta maisha. Ndani yake mlikuwa na Core i3-2100 ya Intel, prosesa ya mwaka 2011 yenye viini 2. Huko ofisini ilizoea kuandika barua na kujumlisha mishahara. Huku nikaipa ng'ombe, sofa na mabinti wa mafungu sita. Nilikuwa naianzisha jioni, inakesha, na kesho yake mchana bado inasukuma. Umeme ukikatika picha ya mwisho ikiwa imekaribia, kazi inaanza upya kutoka kwa wageni getini. Nilikuwa na betri ya akiba, lakini kazi yake ilikuwa kupiga kelele kunijulisha kwamba na yenyewe inakufa.

Hata hivyo tulikuwa tunaelewana. Mteja akipiga simu, "Ssebo, video yetu imefikia wapi?" mimi najibu, "Inarenda, nnyabo." Basi. Hakuna aliyewahi kubishana na jibu hilo. Fundi cherehani akichelewesha gomesi anaitwa mwongo, seremala akichelewesha kitanda anatishiwa polisi, lakini mtu wa video akisema inarenda, mteja anashusha sauti kama aliyeambiwa mgonjwa amelala. Kwa jibu hilo nimehudhuria misiba, nimelala mchana, nimekwenda Bukoba na kurudi.

Aliyeivuruga amani hii alikuwa kaka wa bwana harusi mmoja, mkazi wa London. Alikosa kwanjula ya mdogo wake, akataka video yake kwa namna ya mtu aliyechangia ng'ombe. Kila nikimwambia inarenda, ananiuliza mashine ina viini vingapi. Hapo nikajua nimepata mteja wa aina mpya.

Nikamwita fundi, kijana wa mtaani anayetembea na bisibisi mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu. Akaifungua, akapiga chafya, akasema, "Boss, badilisha prosesa tu. Hii madabodi ni ya soketi 1155. Tia i7, utaniombea dua." Nikamwambia labda ninunue kompyuta mpya kabisa. Akanitazama kwa huruma, akanikumbusha Wakaliga. Hapo si mbali na kwetu. Isaac Nabwana alitengenezea huko filamu ya "Who Killed Captain Alex?", iliyotoka mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, akaihariri kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Nafasi ilikuwa finyu mno kompyutani hata ikabidi filamu yenyewe asilia ifutwe ili kazi iliyofuata ipate pa kukaa. Iliyobaki duniani ni nakala yenye maneno ya msimuliaji VJ Emmie juu yake. Sasa mtu wa jirani amerusha helikopta filamuni kwa vifaa vya mkononi, wewe utasemaje kwamba vikapu vya sukari vimekushinda?

Nikashuka mjini. Katikati ya Kampala kuna maghorofa yaliyokatwakatwa kuwa vibanda, kila kibanda kina upana wa mlango na nusu, na ndani yake mna simu, chaja, diski na prosesa zilizopangwa kwenye kabati la kioo pamoja na saa za mkononi. Nikasalimia kwa Kiswahili, ndiyo lugha inayonitoka nikiwa na haraka. Muuzaji akasimama wima. Wazee wa Kampala walikizoea Kiswahili kikitoka vinywani mwa askari kwa miaka mingi, na ingawa katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, vibanda vingine bado vinasubiri barua ya kuthibitisha.

"Afande," akasema, "hizi zote ni halali. Risiti zipo."

Sikuwa nimeuliza. Nikataja i7 ya soketi 1155. Akatoa i7-3770, akaifuta kwa shati lake, akanitajia bei ambayo fundi wangu aliposikia baadaye alishika kichwa kwa ilivyokuwa nafuu. Akanifungia na risiti yenye mihuri miwili. Mimi sikumwambia kwamba ni afande, wala sikumwambia kwamba siye. Nilisema ahsante.

Nyumbani fundi akaitoa i3, akaiweka i7, akabana, akawasha. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Akazima, akawasha. Kompyuta ikalia milio kadhaa ya kusikitisha, ikanyamaza. Akahamisha kumbukumbu kutoka tundu hili kwenda lile. Akapuliza. Akaomba tupate rolex kwanza, akala chapati na mayai yake taratibu akiitazama ile mashine kwa jicho la pembeni, kama mtu anayesubiri mtoto mkaidi aseme ukweli mwenyewe. Kioo hakikusema.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. i7-3770 ni ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012. Soketi yake ni 1155 ileile, inaingia bila kusukumwa, kila kitu kinakaa sawasawa. Lakini madabodi za kizazi cha pili zilizotengenezewa kompyuta za ofisi, zenye chipseti za B65, Q65 na Q67, haziikubali. Nyingine za kizazi hicho zinaweza kufundishwa kwa kusasisha BIOS, ile programu inayoamsha mashine kabla ya kingine chochote. Yangu ilikuwa Q65. Mgeni wetu alikuwa amevaa kanzu safi, amekuja na vikapu, amefika hadi kwenye mkeka, na msemaji wa wenyeji anasema hajulikani.

Nilirudi mjini nikijiandaa kwa vita. Kurudisha kitu kilichokwisha kufunguliwa ni kesi ndefu katika maghorofa yale. Nilipoingia kibandani nikatoa Kiswahili changu chote, hata kile cha Bukoba cha kuomba samahani. Muuzaji hakubisha. Akatoa i7-2600, ya kizazi cha pili, viini 4, akanibadilishia na kunirudishia chenji juu. "Afande, na kwenu ofisini wakihitaji, mnaniona hapahapa." Nimeahidi kuwaambia.

Hii ikawaka. Fundi akapiga makofi. Nikaweka kwanjula ya mtu wa London, nikabonyeza, mstari ukaanza kutembea kwa mbio ambazo sikuwahi kuziona chumbani mwangu. Baada ya dakika chache ukapunguza mwendo. Kisha ukawa wa pole. Kisha ukawa wa pole kuliko ule wa i3, na feni ikaanza kunguruma kama inapanda mlima wa Kabale na abiria.

Fundi akatia kidole kati ya mapezi ya kipoza joto, akakitoa chekundu. Vumbi la Kampala, kwa miaka, lilikuwa limejenga humo ukuta. Prosesa ya zamani ilipangiwa wati 65, hii wati 95, na kipoza joto ni kilekile kidogo cha zamani. Chipu za namna hii zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Saa nane mchana chini ya bati, hata mimi hujipunguzia. Tukasafisha, tukapaka dawa mpya ya kupitisha joto, na kwa kuwa kipoza kikubwa hakikuenea kwenye sanduku, fundi akang'oa ubavu wa kompyuta, akaelekeza humo feni yangu ya kusimama, ile pekee niliyo nayo.

Mama mwenye nyumba alipopita kudai kodi alisimama mlangoni kwa muda. "Ssebo," akauliza, "feni inapepea sanduku, na wewe unatiririka jasho?"

"Ndiyo linalolipa kodi, nnyabo."

Akaona ni haki. Akaenda.

Na kweli, likalipa. Kazi ya usiku kucha ikawa inaisha mchana mmoja. Mtu wa London akatumiwa sekunde chache za mwanzo, akanyamaza kwa mara ya kwanza. Nikajiona nimefika. Sikuhesabu kwamba habari za prosesa husambaa. Fundi alimwambia jirani, jirani akamwambia senga.

Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alionyesha kwamba ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yako itawekewa mpaka na zile sehemu ambazo hukuzigusa. Chukua oda ya siku 20: siku 1 ni ya kurenda, 19 ni za kusubiri majina ya wajomba yaandikwe vizuri, kusubiri wimbo uchaguliwe, kusubiri nusu ya pili ya malipo. Hata prosesa ikirenda kufumba na kufumbua, umeokoa siku hiyo moja tu. Amdahl alikuwa anazungumzia kompyuta. Angehudhuria kwanjula angeongeza kifungu, kwamba zile siku 19 nazo zikisikia una kasi zinazaa nyingine.

Maana senga alikuja. Alikuja asubuhi, amevaa gomesi, akavuta kiti mbele ya feni, katikati yake na prosesa. Akataka pale anapoingia kumtafuta bwana harusi aende polepole. Akataka mwanamke fulani wa upande wa pili, ambaye hakumtaja jina, aonekane kidogo zaidi, yaani asionekane. Akataka wimbo ubadilishwe.

"Senga," nikamwambia, "hiyo ni kurenda upya yote."

"Si saa chache tu? Nimeambiwa una mashine ya jeshi."

Zamani kila badiliko lilinigharimu usiku mzima, na mteja aliuonea huruma usiku wangu. Alimeza kero zake ndogondogo akapokea video ilivyo. Sasa huruma imekwisha na kero zote zimefufuka. Mjomba wa vikapu amekuja kuhakiki vikapu. Msemaji wa wageni anataka kile kicheko cha watu kirefushwe baada ya utani wake. Kwenye diski nina faili linaloitwa Mwisho, jingine Mwisho Kabisa, na jingine Mwisho wa Senga, ambalo lina namba mbele yake na namba inapanda. Nafanya kazi nyingi kuliko enzi za i3, kwa bei ileile, huku natoka jasho.

Nilikuwa karibu kuirudisha i3 kimyakimya. Aliyeniokoa ni yuleyule wa London, alipotaka faili lote kwa intaneti. Video ya saa 4, kwa megabiti 8 kila sekunde, ni gigabaiti 14 na ushee. Kwa laini inayopandisha megabiti 2 kila sekunde, hizo ni saa 16 ikiwa hakuna kilichokatika, na bando lenyewe tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12 ndani yake. Prosesa haina la kusaidia hapo, hata ingekuwa na viini mia.

Fundi, kwa wema wake, amekuja kuniambia kwamba waya wa faiba umefika mtaa wa nyuma, na kwamba kuna mtu anamjua anayeweza kuuvuta hadi dirishani kwangu kabla ya Jumapili. Nimemkaribisha chai. Nimemwambia mambo ya waya yanahitaji kufikiriwa kwa kina, tusikurupuke. Simu ikalia, ilikuwa London. Nikaegemea kiti, miguu nikainyoosha.

"Inapanda, kaka," nikamjibu. "Inapanda."