Sifa za Maji Kupwa

Familia inayotoka Dodoma au Tabora kwenda Unguja kwa mara ya kwanza hulipia bahari. Hulipia boti, hulipia gari la kutoka bandarini Malindi hadi pwani ya mashariki, hulipia chumba chenye dirisha linalotazama maji, na chumba hicho huuzwa ghali kuliko kinachotazama bustani kwa sababu ya maji hayo tu. Asubuhi ya kwanza Jambiani, watoto hutoka mbio wamevaa maboya, na bahari haipo. Kuna mchanga, majani, madimbwi, ngalawa zilizokaa juu ya tope, na mbali kabisa mstari mweupe ambako mawimbi yanavunjikia mwambani. Baba huenda mapokezi kuuliza. Hujibiwa kwa upole kwamba maji yamepwa.

Usumbufu huu nausifu. Ningekuwa na mamlaka ningeamuru uandikwe juu kabisa katika tangazo la kila hoteli kuanzia Michamvi hadi Makunduchi, kabla ya bwawa la kuogelea na kabla ya kifungua kinywa, maana pwani ile haina kitu kingine kinachoifaa familia ngeni kuliko huko kuondoka kwa bahari.

Lawama hutokana na picha. Nyingi za picha zinazouza likizo za visiwani zimepigwa mahali kama Maldivi, ambako maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 1 tu. Unguja, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Tena pwani ya mashariki ni uwanda mpana usio na kina, uliokingwa na mwamba wa matumbawe. Maji yakishuka hivyo juu ya uwanda wa namna hiyo, yanakwenda zake. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, ufukwe huteremka haraka zaidi, kwa hiyo watu huogelea karibu saa zote, na kila anayeomba ushauri wa likizo ya kwanza huambiwa aende huko. Kwa wanaojua kuogelea ni ushauri mzuri. Kwa wazazi waliokulia mbali na maji, wenye watoto watatu ambao hawajawahi kuingia kwenye maji yanayowapita magoti, mimi ningewaelekeza Jambiani au Bwejuu bila kusita. Bahari inayoondoka kila siku humpa mtoto nafasi ya kuona sakafu yake kabla hajaombwa aingie ndani yake.

Lakini lazima uweke nafasi kwa kuufuata mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi mpevu, ndipo maji hupanda juu kabisa na kushuka chini kabisa. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayasogei sana. Watu wengi wa bara wameshasikia hayo. Wasichoambiwa ni saa. Unguja, siku za bamvua, maji huwa yamepwa kabisa kwenye saa nne asubuhi au baada yake kidogo, na huwa yamejaa kwenye saa kumi jioni. Ndivyo ilivyo mwezi hata mwezi, mwaka hata mwaka. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na baada ya wiki moja mambo huwa yamegeuka: maji mafu hujaa asubuhi na kupwa jioni.

Sasa ipange siku ya familia juu ya saa hizo. Saa mbili asubuhi, jua likiwa bado na huruma, mnaanza kuyafuata maji yanayoondoka. Saa nne mko mbali na nyumba, mnatembea juu ya sakafu ya bahari. Saa sita jua linapokuwa kali mmeshageuza, mnakula wali na samaki, watoto wanalala. Wakiamka alasiri, maji yameshafika mlangoni. Yamepita juu ya mchanga uliokaangwa na jua tangu asubuhi, kwa hiyo ni ya vuguvugu, na ndani ya mwamba ule mawimbi yameshapungua nguvu. Watoto wanaoga hadi jua linapoinama. Hakuna haja ya kununua safari ya ziada wala kumtafutia mtu shughuli. Nani angeweza kumtungia mtoto wa miaka saba ratiba bora zaidi?

Ndiyo maana nawaambia ndugu na marafiki wasianze kwa kutazama bei. Waanze kwa kutazama kalenda ya mwezi, kisha wafike siku mbili kabla ya mwezi kuandama au kabla ya mwezi mpevu, na wakae usiku tano au sita. Wakifika siku nne baada ya bamvua, kupwa kunaangukia saa saba mchana, na kutembea huko mbali bila kivuli saa hizo ni adhabu.

Sikukuu nazo zina tabia zake. Idi ul-Fitri ni tarehe 1 ya Shawwal, kwa hiyo siku zote huja na bamvua. Familia inayosafiri kwa Idi hiyo inaikuta bahari katika mwendo wake mkubwa. Idi ul-Adha ni tarehe 10 ya Dhulhija, mwezi umepita nusu, na kwa hiyo huangukia maji mafu au karibu yake. Pasaka huja baada ya mwezi mpevu, mara bamvua ikiwa bado mbichi, mara imeshakwisha, na zaidi ya hayo mara nyingi hukutana na masika, ambapo hoteli kadhaa za mashariki hufunga milango. Krismasi haiufuati mwezi hata kidogo, na kila mwaka inabidi itazamwe upya. Majedwali ya maji hutolewa mapema, maana mwendo wa mwezi na jua unahesabika, na anayesafiri na wazee au watoto wadogo hana sababu ya kubahatisha.

Kipimo cha kwanza cha nyumba ya wageni ni swali moja, na ni vizuri kuliuliza kwa simu kabla ya kulipa: wiki hiyo maji yanapwa saa ngapi? Anayejibu papo hapo anaishi na bahari, na atajua pia mvuvi wa kuwatembeza, njia isiyo na miiba, na mahali pa kununua pweza. Anayejibu kwamba bahari ipo saa zote, mshukuru, ukate simu, utafute kwingine.

Na huo uwanda wenyewe! Nimeona watu wakiutazama kwa huzuni kutoka kwenye viti vya ufukweni, wakingoja maji yarudi, na nimewasikitikia kwa dhati, kwa sababu walichokuwa wakikingojea ni kidogo kuliko kilichokuwa mbele yao. Madimbwini kuna kaa, kuna jongoo bahari, kuna viti vya pweza vyekundu na vya kahawia ambavyo mtoto anapaswa kuvitazama vikiwa majini bila kuviinua. Kuna wale wanyama weusi wenye miiba mirefu, na kwa ajili yao kila mtu avae raba kuukuu. Hili lisijadiliwe, hata mama mkwe avae. Karibu na pwani utakuta malundo ya mawe yaliyofunika mashimo. Humo wanawake wamefukia makumbi ya nazi, yaoze kwa miezi kadhaa, kisha wayafukue na kuyapondaponda yawe usumba wa kusokota kamba.

Mbele zaidi ni mashamba ya mwani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, hapo hapo Paje na Jambiani, na tangu mwanzo wakulima wake wengi ni wanawake. Vijiti vimechomekwa mchangani kwa safu, kamba zimefungwa kati yake, na kwenye kila kamba vimening'inia vishada vya mwani. Kazi hiyo inafanyika wakati wa bamvua, kwa sababu ndipo bahari inaposhuka kiasi cha kumwezesha mtu kufika shambani na kuinama juu ya kamba zake kwa saa kadhaa. Mwani ukishavunwa na kukaushwa husafirishwa nje, na kutoka ndani yake hupatikana kitu cha kugandisha kinachotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Mwambie mtoto wako hivyo mkiwa mmesimama hapo, kisha mwache atazame mikono ya bibi anayefunga kamba.

Asimwite kwa kelele, wala asimpige picha. Asogee, aseme, "Shikamoo bibi," angoje marahaba, kisha aulize maji yanarudi saa ngapi. Asikanyage kamba. Wanawake hawa hawako pale kwa ajili ya wageni. Wanashindana na muda, maana bahari itarudi wakiwa wamemaliza au hawajamaliza, na maji yaliyozidi joto miaka ya karibuni yamewaulia mwani mwingi. Familia iliyopanga likizo yake kwa bamvua imefika siku ya kazi ya kijiji, na nadhani hiyo ni heshima kubwa kuliko ngoma ya usiku iliyoandaliwa hotelini. Mlango wa hoteli una mlinzi. Uwanda hauna, na huko mtoto wa chumba cha ghali hutembea madimbwi yale yale na mtoto wa Jambiani anayekwenda na mama yake kutafuta pweza, na mara nyingi huyo wa Jambiani ndiye anayemwonyesha mwenzake shimo lililo na pweza na lililo tupu.

Hatari ipo, na anayesifu asiifiche. Maji yanaporudi hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanasogea kidogo, mtu anadhani ana muda mwingi. Kisha katika saa ya tatu na ya nne huingia takriban nusu ya maji yote. Bamvua, hiyo ni karibu mita 2 kwa saa mbili. Pia hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Kwa hiyo kanuni ya familia iwe moja: wanawake wa mwani wakianza kukusanya vyombo vyao, nanyi mmeshageuka. Msiende hadi mwambani bila mwenyeji. Watoto wahesabiwe wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Aliyebaki mjini naye asidhani haya hayamhusu. Fungu la Nakupenda, lile la mchanga mweupe mbele ya Mji Mkongwe, huonekana maji yakipwa na humezwa yakijaa. Anayekwenda huko kwa boti bila kuuliza saa anaweza kulipia mchanga uliokwisha kuzama. Na tukirudi mashariki, kule Pingwe, kwenye mgahawa uliojengwa juu ya jabali baharini, wageni huenda kwa miguu maji yakiwa yamepwa, na wakimaliza kula huweza kurudishwa kwa mashua. Watoto huusimulia mlo huo kwa miezi.

Likizo ya shule ya Disemba huja na upepo wa kaskazi, joto na bahari nzuri, na ndiyo ninayowashauri wengi waikusudie. Mwaka 2026 mwezi mpevu unaangukia tarehe 24 Disemba, na mwezi utakuwa karibu na dunia, jambo linaloongeza nguvu ya bamvua. Fikeni tarehe 22, mwondoke tarehe 27 au 28. Vyumba vya Krismasi pwani ya mashariki huanza kuchukuliwa miezi mingi kabla, na boti za wiki hiyo hujaa. Anzeni kupiga simu mwezi wa sita, na swali la kwanza liwe lile la maji.